Kifusi Kinachohesabika: Mwongozo wa Taka za Ujenzi kwa Wajenzi wa Kibaha na Kisarawe

Ukijenga Kibaha au Kisarawe na unataka jengo lako lipate cheti cha jengo la kijani, jua kwamba sehemu kubwa ya taka za saiti yako itatumika tena hata usiponyanyua mkono. Vipande vya nondo vitaondoka na mnunuzi wa chuma chakavu. Mirunda itahamia kwa jirani anayemwaga lenta wiki ijayo. Tofali zilizovunjika zitajaza mashimo ya njia ya mtaani. Hata hivyo mkaguzi wa cheti hataona hata kilo moja ya hayo, kwa sababu hakuna aliyepima wala kuandika, na kenta iliyopakia kifusi Jumamosi jioni hakuna ajuaye ilikimwaga wapi. Kazi yako ni kuzitenga taka hizo, kuzifikisha mikononi mwa anayezihitaji, na kubaki na ushahidi.

Kijue kwanza cheti unachokitafuta

Watu wengi huanza kutenga taka kabla ya kuuliza cheti chao kinapima nini, kisha wanapoteza nguvu mahali pasipo na alama. EDGE, mfumo wa IFC ambayo ni taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, hauulizi umetupa tani ngapi. Unataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati au kaboni iliyomo ndani ya vifaa vya ujenzi. Ukitumia EDGE, basi, faida ya kutumia tena huipati kwenye lundo la taka. Unaipata kwenye hesabu ya vifaa: ukuta au sakafu ya zamani uliyoibakiza hubebeshwa mzigo mdogo sana kuliko mpya. Kama kiwanja chako kina ghala la zamani lenye msingi mzima, mwite mhandisi aupime kabla hujaita tingatinga.

LEED, mfumo wa Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, unapima taka zenyewe. Katika toleo lake la 4, kila mradi lazima uwe na mpango wa maandishi unaotaja angalau aina tano za vifaa utakavyoviokoa visiende dampo. Huo ni mlango tu, hauna alama. Alama moja hupatikana ukiokoa asilimia 50 ya taka zote, zikiwa katika mafungu yasiyopungua matatu. Alama mbili ni kwa asilimia 75 na mafungu manne. Njia nyingine ya kupata alama hizo mbili ni kuzalisha taka kidogo sana tangu mwanzo, zisizozidi kilo 12.2 kwa kila mita ya mraba ya jengo. Green Star, unaosimamiwa Afrika Kusini na kutumika pia nje ya nchi hiyo, nao una masharti yake. Muulize mshauri wako toleo mnalotumia, kwa kuwa viwango hubadilika toleo hadi toleo, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wa ujenzi kabla mkandarasi hajaweka bei.

Nasisitiza mkataba. Mkandarasi ambaye kwenye BOQ yake (orodha ya kazi na bei) kuna mstari mmoja tu wa “kusafisha saiti na kuondoa taka” atafanya kilicho rahisi, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Gawa mstari huo: kutenga, kupima, kusafirisha, kutunza kumbukumbu. Kila kimoja kiwe na bei yake. Taja pia nani mwenye taka. Mahali pengi mkandarasi huchukulia kwamba chakavu ni chake, na vibarua huchukulia kwamba mabaki madogo ni yao ya chakula cha mchana. Sioni ubaya vibarua wakipata fungu la mauzo, kwani anayegawiwa atatenga vizuri kuliko anayeamrishwa. Ila mgao huo usemwe wazi siku ya kwanza, na mauzo yapite kwenye daftari la stoo.

Mito inayopokea maji ya saiti yako

Kabla ya kupanga kifusi kiende wapi, jua maji ya eneo lako yanaelekea wapi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unashuka kupitia Vingunguti hadi Jangwani, na kuingia baharini Dar es Salaam. Kifusi kinachomwagwa usiku kwenye korongo la Kisarawe hakikai pale. Mvua za masika hukisukuma, mchanga na saruji yake vikapunguza kina cha mto huko chini, na watu wa Jangwani wakaingiliwa na maji ndani. Kwenye vilima hivyo ipo misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa kale wa pwani ambao hauna mbadala. Kingo zake si mahali pa kumwaga chochote, hata kifusi kilicho safi.

Upande wa Kibaha ni Mto Ruvu. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na maji yake yanatumika Kibaha na Dar es Salaam. Rangi, oili chafu na maji ya kuoshea mashine ya zege yakiingia mkondo unaoelekea Ruvu, yanaingia kwenye chanzo cha maji ya kunywa ya mamilioni ya watu. Hili kwangu lina uzito kuliko cheti chenyewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu na inaipa NEMC, baraza la taifa la mazingira, mamlaka ya kusimamia. Kama mradi wako umepitia Tathmini ya Athari kwa Mazingira, cheti chake huja na mpango wa usimamizi wa mazingira, na humo taka zimetajwa. Usiandike mpango wa pili usiofanana nao. Chukua ule ule, uongeze jedwali la mafungu na uzito, na mpango mmoja utawahudumia NEMC na mkaguzi wa cheti.

Taka ambayo haikuzaliwa

Kibaha na Kisarawe tofali nyingi hufyatuliwa palepale saiti au kwa mafundi wa barabarani, na hapo ndipo taka nyingi zisizo za lazima zinapotokea. Tofali hukaushwa juani bila kumwagiwa maji, au mfuko mmoja wa saruji hulazimishwa kutoa tofali nyingi kuliko uwezo wake. Tofali za namna hiyo huvunjika kwenye kenta, huvunjika zikishushwa, na nyingine huvunjika mkononi mwa fundi. Dai zimwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba, chini ya kivuli au zikiwa zimefunikwa, na usikubali zisafirishwe kabla. Tofali ya inchi sita ina uzito wa kilo 30 hivi, kwa hiyo kila tofali 100 zinazovunjika ni takribani tani tatu za kifusi ulichokinunua kwa bei ya tofali.

Nondo, mbao na mabati zinataka jambo moja: orodha ya kukata kabla ya kukata. Fundi apewe karatasi yenye urefu wa kila kipande, aanze na virefu, na mabaki yarudi stoo yakipangwa kwa urefu, maana kipande cha futi tatu ni ringi za nguzo. Mbunifu naye akumbuke urefu wa tofali, inchi 18, anapopanga upana wa madirisha na vipande vya ukuta kati yake. Ukuta unaoishia kwenye nusu tofali isiyo nusu kamili hukatwa kila kozi kutoka chini hadi juu. Agiza vigae kwa hesabu ya chumba kwa chumba, wala si kwa kukisia jengo zima.

Kutenga siku ya kwanza

Lundo lililochanganyika halitenganishiki tena. Jipsamu ikishalowa na kuingia kwenye kokoto, kokoto hizo zimekwisha. Kwa hiyo kabla msingi haujachimbwa, tenga vyumba vya wazi pembeni mwa saiti, karibu na geti ili gari lipakie bila kuzunguka, mbali na mteremko wa maji: zege na tofali, chuma, mbao, kartoni na mifuko, jipsamu, na kona moja yenye paa na kufuli kwa vitu vya sumu. Kuta za mirunda na mabati chakavu zinatosha. Andika kwa herufi kubwa na uchore picha ya kitu chenyewe, kwa sababu saidia fundi hubadilika kila wiki. Mteue mtu mmoja, msimamizi wa stoo ikiwezekana, awe ndiye anayeulizwa. Jukumu likiwa la kila mtu, jioni hakuna mwenye nalo.

Udongo wa juu uliokwanguliwa wakati wa kusafisha kiwanja, majani na visiki, LEED hauviingizi kwenye hesabu ya taka za ujenzi. Usivipime pamoja na kifusi ili kupandisha asilimia, mkaguzi ataviondoa. Udongo huo urundike peke yake, ufunike, uurudishe kwenye bustani mwisho wa kazi.

Zege na tofali ndilo fungu zito kuliko yote, na kwa bahati nzuri ndilo lenye soko la karibu zaidi. Huna haja ya mashine kubwa. Wagonga kokoto wenye nyundo wanaweza kukuvunjia zege la zamani kwa ukubwa unaoutaka, na kazi hiyo inawapa watu riziki. Wape miwani, barakoa nzuri na maji ya kunyunyizia, kwa kuwa vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu kwa namna isiyopona. Kokoto hizo zitumie chini ya jamvi kama tabaka la kushindilia, kwenye maegesho, njia za miguu, mifereji na zege jepesi la kusawazisha chini ya msingi. Kumbuka hunyonya maji kuliko kokoto za mwamba, kwa hiyo zilowanishe kabla ya kuchanganya. Usizitie kwenye nguzo, bimu wala slabu bila mhandisi kuzipima maabara na kutia saini. Hapo sitakushauri ujaribu.

Kilichozidi mahitaji yako, tafuta jirani. Kabla ya kumwaga jamvi, wajenzi wengi wa maeneo haya hununua kifusi kwa tripu ili kuinua sakafu. Kifusi chako cha tofali, kikiwa hakina plastiki, mbao wala jipsamu, kinaweza kuchukua nafasi ya moramu iliyochimbwa mlimani, na kila tripu inayotumika hivyo inapunguza shimo moja Kisarawe. Ukitakiwa kujaza shimo la zamani la mchanga au njia ya kijiji, pata barua ya serikali ya kijiji au halmashauri kwanza, na umuulize mkaguzi wako kama atalihesabu, kwa sababu kujaza shimo tu kunaweza kuonwa kuwa ni kutupa.

Eneo hili lina uzoefu wa kuokoa vifaa, ingawa ulipatikana kwa uchungu. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya kwenda Kibaha. Watu walivua mabati, milango, madirisha na nondo za dirisha kabla ya tingatinga kufika, na vifaa hivyo viliweza kujenga nyumba nyingine. Kama mradi wako unaanza kwa kubomoa, fuata mpangilio huo huo kwa utulivu: vua kwanza vinavyotoka vizima, kuanzia paa kushuka chini, na mashine ije mwisho. Siku chache za mafundi wa kuvua zitakurudishia mafungu mawili au matatu ya kuhesabu.

Chuma kina bei, kwa hiyo hakipotei. Kinachopotea ni habari zake. Viwanda vya nondo vya Pwani na Dar es Salaam vinayeyusha chuma chakavu, basi kipande chako kina njia fupi ya kurudi kuwa nondo. Uza kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha NEMC, maana biashara ya chuma chakavu inadhibitiwa chini ya kanuni za taka hatarishi, sababu mojawapo ikiwa ni wizi wa reli na alama za barabarani. Mnunuzi asiye na kibali anaweza kukuingiza kwenye kesi isiyo yako, na risiti yake haina uzito mbele ya mkaguzi.

Mbao zinataka uangalifu ambao sijauona kwenye saiti nyingi. Mbao nyingi za kenchi ni paini ya Mufindi na Njombe iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa inayotumika sana, ile inayoupa ubao rangi ya kijanikijani, ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vyake ndivyo mama lishe wa getini huvitafuta kwa ajili ya kuni. Ubao huo ukiungua, aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hupanda na moshi, juu ya sufuria ya wali unaokuja kuliwa na vibarua wako wenyewe. Usivitoe kuwa kuni kwa yeyote. Vitumie kwa vigingi, mabanda, viti vya nje, rafu za stoo. Nunulia mama lishe mkaa au gesi kwenye bajeti ya saiti kama ndivyo inavyobidi, ni pesa kidogo. Mbao zisizo na dawa na mirunda zing’oe misumari, zipange kwa urefu, ziuze au uzigawe kwa maandishi. Na mbao za kufungia zege zisipakwe oili chafu, ingawa ndiyo desturi. Oili hiyo inadondoka ardhini na kuuharibu ubao kwa matumizi mengine. Yapo mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa zege lisiloonekana hata sabuni ya maji iliyochanganywa vizuri husaidia ubao usishike.

Jipsamu iwekwe pakavu siku zote. Ikilowa na kuchanganyika na taka za chakula dampo, vijidudu huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya yai bovu, na gesi hiyo ikiwa nyingi huua. Vipande vikubwa vitumike kwenye dari za stoo na vyoo vya saiti. Kwa vilivyobaki, muulize aliyekuuzia kama anavirudisha.

Kona ya kufuli ni ya mabaki ya rangi, tina, gundi, betri, taa za mirija zenye zebaki, na asbesto ikipatikana. Paa la zamani la kijivu lenye mawimbi mapana, gumu kama saruji, lichukulie kuwa asbesto mpaka maabara iseme sivyo. Lisivunjwe, lisikatwe, lisipigwe brashi. Lilowanishwe, lishushwe zima zima na watu waliovaa barakoa maalumu, lifungwe kwenye plastiki nzito mara mbili, na NEMC na OSHA, wakala wa usalama kazini, wahusishwe kabla hata ya ngazi kuegeshwa. Ndoo za rangi za lita 20 watu wengi huzitaka kwa kutekea maji. Zitoe kwa kazi za zege na plasta tu, na uwaambie wazi kwamba si za maji ya kunywa.

Hesabu na karatasi

Chukulia ofisi inayozalisha tani 40 za taka: zege na tofali tani 26, mbao tani 3, chuma tani 2, kartoni na mifuko tani 1, na tani 8 za mchanganyiko. Ukiokoa zege na tofali peke yake, umefika asilimia 65, na kwa LEED toleo la 4 hujapata alama yoyote, kwa kuwa ni fungu moja. Ongeza chuma na mbao, unafika asilimia 77.5 kwa mafungu matatu: alama moja. Ongeza ile tani moja ya kartoni na mifuko ambayo kila mtu huidharau, sasa ni asilimia 80 kwa mafungu manne, na alama ni mbili. Kibanda kikavu cha kartoni, gharama yake mabati manne, kimekuletea alama kamili. Mbao iliyochomwa, kwa njia yoyote, usiiweke kwenye jedwali mpaka mkaguzi akubali kwa maandishi.

Kupima kusikutishe. Mzani wa kuning’iniza unatosha kwa chuma, kartoni na mbao. Kwa kifusi, jaza ndoo ya lita 20 bila kuishindilia, ipime, rudia kutoka sehemu tofauti za lundo upate wastani. Ndoo 50 ni mita moja ya ujazo. Pima bodi ya kenta urefu, upana na kina, na sasa unajua kila tripu ina kilo ngapi. Andika njia hiyo kwenye mpango na usiibadilishe katikati ya mradi: uzito uwe uzito mwanzo hadi mwisho.

Kila mzigo unaotoka getini uwe na vocha yenye nakala tatu: tarehe, fungu, uzito au ujazo, namba ya gari, anayepokea ni nani, unakwenda kufanya nini, saini ya anayetoa na ya anayepokea. Mlinzi asifungue geti bila vocha. Piga picha mzigo ukiwa kwenye gari na, kwa mizigo mikubwa, picha nyingine ulikoshushwa. Mnunuzi mwenye mashine ya EFD atoe risiti. Mwenye guta asiye na mashine bado anaweza kutia saini au dole gumba. Usimwache nje kwa sababu hana karatasi, kwani ndiye aliyekuwa akisafisha miji hii kabla vyeti havijafika. Mtengenezee karatasi wewe.

Kila Ijumaa msimamizi wa stoo ajumlishe vocha kwenye jedwali moja na kulituma kwa mshauri wa cheti. Asilimia ikishuka, utaliona hilo wakati bado kuna kazi mbele na unaweza kurekebisha. Wiki mbili za mwisho ndizo za hatari, pale kila fundi anaposafisha haraka ili alipwe na mafungu yote yanarudi kuwa lundo moja. Zuia malipo ya mwisho ya kila fundi mdogo mpaka vocha zake ziwe zimekamilika. Vigae vilivyobaki, rangi ambazo hazijafunguliwa, mabomba na nyaya nzima ziandikie orodha na uzitoe kwa shule au zahanati ya kata, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi akipokea kwa barua yenye muhuri. Nakala moja ya barua iwe ya faili la cheti, nyingine ya halmashauri.